Kofia ya Gari ya Baba

Wiki iliyopita mvua ilinyesha mtaani kwetu Hail, na mimi kwa kiburi changu nikaipitisha gari kwenye dimbwi mbele ya duka la mkate, nikiona kwa macho yangu mawili kwamba halipitiki. Gari ikakohoa mara mbili, ikazima. Asubuhi yake nikawa nimekaa gereji kwenye kiti cha plastiki, mkononi gilasi ya chai nzito ya maziwa ambayo sikuiomba, nikimtazama fundi, mtu wa makamo aliyekuja huku kutoka Tanga kutafuta riziki. Akafungua sanduku la hewa, akatoa filta, akaipindua. Yakadondoka maji machafu na tope la vumbi. "Una bahati, dada," akaniambia. "Maji yameishia hapa. Yangefika kwenye injini tungekuwa tunazungumza mengine." Kisha akaitupa ile filta ndani ya pipa, akapasua boksi la mpya.

Basi mwenzangu, nikashikwa na kilio. Kwa filta! Fundi wa watu akadhani nalilia gari, akaanza kuniapia kwa Mola kwamba itapona, tena leo leo. Ningemwambia nini? Kwamba filta haitupwi hivihivi, hugongwagongwa kwanza kwenye ukingo wa baraza mpaka vumbi liishe? Kwamba nilimwona baba yangu akifanya hivyo kila Alkhamisi ya utoto wangu, na kwamba tangu gari yake iuzwe, mpaka tukamzika, sikupata kuisikia tena ile tu-tu-tu? Nikafuta machozi, nikainywa ile chai yake.

Acha nikusimulie, maana wewe huna haraka na mimi nimeshaanza.

Tulikuwa watatu katika nyumba ya mtaa wa Khuwair ya Kusini, miaka ya tisini inaanza: baba, bibi mzaa baba, na mimi. Mama alifariki sijaacha kunyonya, kwa hiyo namjua kwa kusimuliwa tu. Bibi na baba walitoka Unguja, na ndani ya nyumba ile hakikuzungumzwa ila Kiswahili cha Unguja, na Kiarabu kikiingia pale bibi anapokasirika. Skuli ilikuwa kinyume. Kiarabu changu kilikuwa na lafudhi ya nyumbani, na wenzangu wakiniigiza kila nikifungua mdomo, kwa hiyo nikaacha kuufungua. Mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba mimi ni msichana mtulivu. Bibi akafurahi. Utulivu gani? Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Baba alikuwa akipeleka vipuri vya pampu za maji kwenye mashamba na makambi ya ndani, huko ambako lami ilikwisha kabla safari haijafika nusu. Akiondoka Ijumaa baada ya sala na chakula, akirudi Jumatano jioni. Zamani zile mapumziko yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa, kwa hiyo baba nilikuwa naye siku moja na nusu kwa wiki, na hiyo siku moja na nusu nagawana na gari. Niliionea wivu gari ile kama mtu anavyomwonea wivu mke mwenzake.

Ilikuwa pikapu ya zamani, nyeupe, na baba alimwambia fundi wa kuchomea aifungie bomba la chuma lililotoka kwenye injini, likapanda pembeni ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Huko juu ndiko injini ilikovuta pumzi. Kwa nini? Kwa sababu ya wadi. Wadi ni mkondo mkavu, mawe matupu, unaweza kukaa hapo ukala tende zako. Lakini mvua ikinyesha milimani, hata kama wewe ulipo jua linawaka, maji yanakuja na miti yake na mbuzi wake. Gari inayovuta hewa chini itavuta maji, na baba akisema, "Injini haiogopi kuoga. Inaogopa kunywa." Akilisema hilo mbele ya sahani, akilisema mbele ya wageni, mpaka bibi akamwambia hebu nyamaza tule.

Adui wa pili alikuwa vumbi, lile la huko ndani, laini kuliko unga wa ngano. Ndipo bibi alipoingilia kati. Bibi yangu huko Unguja alikuwa mshonaji wa kofia, zile za mkono zenye vitobo, na macho yake yalikuwa bado yanaona tundu la sindano. Akachukua kitambaa chepesi cha melimeli, akaikunja mara mbili, akashona kofia ya kuvika mdomo wa lile bomba, na utepe wa kukazia chini. Hewa inapita, vumbi linabaki nje. Na kwa kuwa hakuweza kushona kitu kikaishia hapo, akaitilia nakshi ukingoni. Jirani yetu, mama mmoja ambaye watu wake walitoka bara, Tabora huko, alipoiona alishika kiuno. "Haya, gari mmeivika kofia. Kanzu mnaishonea lini?" Bibi akamjibu kwamba kanzu inangoja siku ya harusi, na yeye ndiye atakayealikwa kupika.

Alkhamisi ndiyo ilikuwa siku yangu. Asubuhi bibi anachoma mkate wa kumimina, nyumba nzima hiliki, na baba yuko nje na fulana yake ya singlendi, ametoa filta anaigonga barazani. Kazi yangu mimi ilikuwa kuitazama. Baba anaingiza taa ya mkono ndani ya filta, na mimi nazunguka nje nikitafuta mwanga unaopenya, maana pakipenya mwanga, patapenya mchanga. Nilijua kazi ile kuliko hesabu. Kofia ya bomba tunaifua kwa sabuni ya kipande, tunaianika kambani pamoja na kanzu za baba. Na baba ananifundisha: kwenye vumbi kofia ivae, kwenye maji ivue, kwa sababu kitambaa kikirowa hakipitishi pumzi, na gari itakufa katikati ya mto. Hatukuzungumza mengine. Hakuniuliza skuli, wala sikumwambia.

Kisha Ijumaa. Bibi alikuwa na sheria yake: msafiri haliliwi, ni mkosi. Kwa hiyo nasimama langoni, macho makavu, natikisa mkono. Wakishageuka kona, yeye na gari yake, narudi nakaa pale ilipokuwa imesimama, kwenye changarawe yenye doa la oili, mpaka bibi aniite ndani. Siku zilizofuata zilikuwa mlio wa kiyoyozi na bibi aliyelala mchana. Upweke ule, mwenzangu, sikuwa hata na jina lake. Nilidhani ndivyo wiki zilivyo.

Alkhamisi moja, tunakula, baba akasema neno ambalo halikuwa la injini. Alisema huko kambini mtu hunusa dizeli na mbuzi tu, mpaka anasahau nyumba yake inanukia vipi. Akasema hivyo akicheka, akaendelea kula.

Wewe unajua mambo yetu ya Ijumaa. Kanzu ya kwendea msikitini haivaliwi ila imefukizwa. Bibi anaweka chetezo chenye makaa chini, juu yake tenga la fito limepinduliwa, na juu ya tenga kanzu, na moshi wa udi unaingia kwenye nyuzi. Kesho yake asubuhi, bibi alipomaliza kanzu akaenda kuoga, mimi nikaitoa kofia ya bomba kambani. Nikafungua kisanduku chake cha udi mzuri, ule wa Idi na harusi, nikaiba kipande kikubwa. Akili yangu ya miaka minane ilikuwa imeona bomba linapita karibu na uso wa baba, ikaamini kwamba linamletea yeye hewa. Nikasema nitaifukiza kofia, na kila atakapovuta pumzi huko jangwani, atanusa nyumba yetu.

Kofia ilikuwa ndogo, ikapenya kati ya fito za tenga, karibu na makaa. Kaa likapasuka, cheche ikaruka. Nilipoinyakua ilikuwa na tundu la kuingia punje ya mbaazi, kingo zake nyeusi. Na mimi, mkaguzi wa filta, nilijua vizuri maana ya tundu.

Je, nilisema? Sikusema. Ningesema, ingebidi niseme na udi ulioibiwa. Nikapanda juu ya tairi, nikaivika kofia ile, tundu nikaligeuzia nyuma, nikakaza utepe. Baba akala, akaondoka. Bibi alikuwa na msemo wake, mficha maradhi kifo humuumbua, akiutumia hata kwa mtu mwenye mafua. Wiki ile kila alipousema nilihisi ananitazama mimi.

Baba akarudi Jumatano, mzima. Alkhamisi nikaidaka kofia mimi, nikaifua mimi, nikaianika tundu likiwa upande wa ukuta. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Kila Ijumaa nilijiambia leo nitasema, na kila Ijumaa nikatikisa mkono. Ikaja Jumatano ya mvua, milima yote imefunikwa, na baba hakurudi. Bibi alisoma Yasin mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikaa chini ya meza ya jikoni nikiwa na yakini kwamba nimemuua. Alkhamisi adhuhuri ndipo gari ikaingia, tope mpaka kwenye vioo. Alilala ng'ambo ya wadi akingoja maji yapungue. Nilimkumbatia miguu, nikasema sasa, sasa hivi namwambia. Akaniuliza, "Vipi, filta tuigonge?" Nikasema haya.

Miezi michache baadaye pikapu ikaanza kutoa moshi wa buluu. Ikawa inakunywa oili, haina nguvu ya kupanda mlima. Fundi wa mtaani akaifungua, akamwita baba, akamwonyesha. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. "Imekula mchanga," akasema. Baba akatikisa kichwa, akafuta mikono. Akaiuza kama chuma. Na mtu asiye na gari hapeleki vipuri, kwa hiyo akachukua kazi ya kuajiriwa, kusini kabisa, karibu na Salala, akawa anakuja nyumbani Idi mbili. Siku moja na nusu kwa wiki ikageuka mara mbili kwa mwaka. Nilitaka kumsogeza baba, nikamfukuza kwa udi. Hivyo ndivyo nilivyoishi nikiamini, na ndivyo nilivyokua mkubwa.

Sasa huko ndani kote lami, na juu ya zile wadi kuna madaraja. Watu wanapita na viyoyozi vyao hawajui hata wamevuka nini. Bibi amekufa, na sindano zake sijui zilikwenda na nani. Nyumba yetu ya Khuwair ni ofisi, pale kwenye changarawe pana lifti. Jirani yetu alihama, na watoto wangu Kiswahili wanakisikia, kukijibu wanajibu kwa lugha nyengine. Hakubaki mtu wa kucheka naye habari ya kofia.

Baba alipostaafu nikamleta kwangu Hail, tayari ana maradhi ya moyo. Siku moja alasiri nilikuwa namkata kucha. Sijui nini kilinifungua kinywa, labda kule kuinamia mikono yake bila ya kutazamana. Nikamwambia yote: udi, cheche, tundu, ukuta. Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, nikiungama kama mtoto wa minane.

"Nliliona," akasema.

"Lini?"

"Siku ile ile, nlipotia mafuta. Nkaivua, nkainusa." Akatabasamu. "Nkasema, huyu mtoto huyu."

"Na hukusema, baba? Wewe na injini yako?"

"Ningesema, bibi yako angeshona nyengine. Nyengine isingenukia." Akaniambia kila aliposimama kusali aliivua kofia ile, akaiweka puani, hata baada ya harufu kwisha kwa sabuni yangu, kisha akaivika tena na tundu lake. Injini ilikula mchanga kwa hiari yake yeye, akasema, nisijitwishe.

Nikacheka, nikalia, kucha zikamwagika. Halafu nikamuuliza lile nililolimeza tangu siku za langoni. "Baba, na kama ningekwambia usende?"

"Mimi nlikuwa nkingoja useme," akasema. "Kila Ijumaa nnakaa ndani ya gari, injini inaunguruma, nnajifanya naisikiliza. Nnasema moyoni, akija akaniambia nisende, nnazima, natafuta kazi hapa hapa mjini. Hukuja. Umesimama pale langoni, macho makavu. Nkasema basi, mtoto kashazoea."

"Sikuzoea," nikamwambia. "Baba, sikuzoea hata siku moja."

Tulipata miezi minne tu pamoja baada ya hapo.