Zamu ya Maji ya Doña Eutimia

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Eutimia Quintana alishuka mferejini pekupeku, akatumbukiza mkono majini mpaka kwenye kifundo, akangoja kidogo, kisha akaupangusa kwenye aproni. Hivyo ndivyo alivyojua theluji ya mlimani inayeyuka kwa kasi gani, na kama miche yake ya pilipili itapona wiki hiyo. Majirani walimcheka. Walisema Doña Eutimia amepeana mikono na mfereji mara nyingi kuliko alivyowahi kupeana na marehemu mumewe.

Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa pale kijijini Los Ojitos, njia inapoingia kutoka bondeni, kati ya jabali na mto. Udongo wake ni ule mzito wa kufyatulia matofali. Na shamba la mwisho maana yake ni kwamba maji yanakufikia wenzako wote wakishashiba. Hakulalamika. Ndio utaratibu alioukuta, na aliuheshimu.

Mwaka ule kampuni ya ng'ombe ilikuwa imeshazungushia seng'enge malisho yote ya kijiji, malisho waliyopewa babu zao na mfalme wa Hispania kabla Mmarekani hajaijua hata njia ya kufika huko. Sasa ilitaka na nyumba. Mnyapara wake, Mmarekani aitwaye Pruett, alisimama mbele ya kanisa bila kuvua kofia, akasema ikifika Jumamosi watu wawe wameondoka, la sivyo atawatoa mwenyewe na kuchoma mapaa. Alipokuwa akisema, farasi wake alikuwa akitafuna maua ya makaburini, na hakuna mwanamume aliyethubutu hata kumfukuza yule farasi.

Mtu pekee ambaye hakutishika hakuwa hata wa kijiji. Alikuwa Macedonio Luján, kijana jambazi anayetafutwa na serikali kwa kukata seng'enge za kampuni na kumpiga risasi ya mguu mlinzi wa kampuni hiyo. Alifika majira ya kuchipua na farasi anayechechemea, akaomba maji ya kunywa. Eutimia akampa banda la kondoo na bakuli la uji wa mahindi ya buluu, basi akabaki. Bila kuombwa, alimtengenezea lango la mfereji lililokuwa limeoza.

Macedonio aliwaambia wanaume kwamba bunduki zao nne za kuwindia kulungu hazitamzuia mtu. Udongo ndio utakaowazuia watu wa kampuni. Kijiji kifungulie maji yote ya mfereji kwenye shamba la mwisho, mchana kutwa na usiku kucha. Asubuhi jua na upepo vitakausha juu, ndani itabaki rojo. Farasi watakuja mbio wakidhani ni ardhi.

Don Fidencio Abeyta, msimamizi wa maji, akakataa. Maji ya wiki hiyo, mpaka Alhamisi, yalikuwa ya shemeji yake.

"Maji yana zamu," alisema. "Sivunji zamu kwa sababu ya Mgringo mmoja mwenye hasira."

"Sawa, Don Fidencio," Macedonio akamjibu. "Na Jumapili utawagawia nani? Ng'ombe?"

Watu wakacheka, lakini ubishi haukwisha. Watu wazima, wenye wake na watoto, mapaa yao yanangoja kiberiti, wamekaa wanagombania maji ni ya nani siku ya Alhamisi. Eutimia alisikiliza mpaka shingo ikamuuma. Zamu yake ilianza Ijumaa. Miche ndiyo kwanza imeshika, na shamba litakalogeuzwa tope ni lake. Akasema wachukue zamu yake, na shamba pia. Aliuliza jambo moja tu, kama baadaye atapewa maji mengine apande maharage, maana bila hayo, majira ya baridi hatakuwa na cha kula. Fidencio akasema, tutaona. Wote walimsikia.

Jumamosi wapanda farasi wa kampuni walikuja mbio kama watu wanaokwenda harusini. Ukoko ukapasuka. Farasi wakazama mpaka tumboni, mmoja juu ya mwingine, na kutoka juu ya mapaa, akiwa na wanaume wenye zile bunduki nne, Macedonio akawaambia kwa Kiingereza watupe bunduki. Wakatupa. Hakufa mtu. Pruett alitoka kwa kutambaa, mguu mmoja una buti, mwingine hauna.

"Bwana mkubwa," Eutimia alimwita kutoka ukutani, "buti lako limebaki shambani kwangu. Utalirudia, au nilipalilie?"

Kijiji kizima kilicheka mpaka watu wakakaa chini.

Wiki iliyofuata sherifu akaja. Hakuja kumtafuta aliyetaka kuchoma nyumba za watu. Alimtaka Macedonio, na alikwenda moja kwa moja shambani kwa Eutimia, akamkuta kijana huyo amepiga magoti anasawazisha matuta. Alijuaje? Don Fidencio hakuficha kwamba ndiye aliyemwambia. Alisema sherifu ameahidi kwamba kijiji hakitasumbuliwa, na yule kijana, kwani alikuwa nani wao? Macedonio akafungwa mikono, akapelekwa bondeni, na wanaume waliokuwa juu ya paa pamoja naye wakatazama viatu vyao.

Walipokutana kanisani kupanga maji ya mwezi, Eutimia aliomba zamu yake.

"Zamu yako uliitumia, Doña Eutimia," Fidencio akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio uliomchoma zaidi. "Nikikupa wewe, kesho kila mtu atataka."

"Niliitumia kunyweshea nini?"

Shemeji yake Fidencio alikohoa.

"Mimi nimetoa maji yangu na shamba langu," Eutimia akasema. "Yule kijana alikaa juu ya mapaa yenu wakati angeweza kupanda farasi akaenda zake. Nyinyi mmetoa nini? Mmemtoa yeye. Halafu mnaniambia habari za taratibu."

Mwanamke mmoja akamshika mkono akimsihi akae, wataongea vizuri. Akautoa mkono wake. Akajifunika shali, akapita katikati ya mabenchi, akatoka. Walidhani amekwenda kupoza hasira, wakaendelea kugawana maji. Waliotoka baadaye walimwona kwa mbali amepita nyumbani kwake bila kugeuza kichwa, anashuka njia ya bondeni kuelekea mjini kwenye jela alikofungwa Macedonio, na hakurudi tena.