Mpishi wa Inzi Aliyeshukiwa Kuchanganya Chupa

Saa moja na nusu asubuhi, Caren Nelima anakoroga uji ambao hakuna mtu atakayeunywa. Una unga wa mahindi, sukari na hamira. Anatumbukiza kipimajoto, anangoja upoe hadi nyuzi sitini, kisha anaumimina katika chupa mia mbili na arobaini, moja baada ya nyingine.

Wanaokula ni inzi wa matunda, wale wadogo wanaozonga ndizi zilizoiva. Nelima, mwenye umri wa miaka 41, ni mpishi wao katika maabara ya utafiti nje kidogo ya mji wa Kitengela. Kabla ya hapo alipika githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, kwa miaka tisa katika shule ya bweni kule Kajiado.

Kazi hii huvuta macho ya watu. Katika mtaa wa Noonkopir, anakopanga nyumba, nguo zake hunuka hamira, na majirani walishaamua anapika pombe haramu.

"Mama mwenye nyumba alikuja kunusa sufuria zangu," anasema. "Nikamwambia mimi napikia inzi. Hapo ndipo alinishuku kabisa."

Lakini shuku iliyomuumiza ilitoka kazini, mwezi wa Machi.

Maabara hiyo huchunguza jinsi seli za ubongo zinavyowasiliana mdudu angali buu. Seli moja hutoa ishara, jirani yake huipokea, na kwa njia hiyo seli hujua zikue wapi na ziungane na zipi. Watafiti wamezalisha inzi ambao ishara moja hukatika wakilelewa katika joto la nyuzi 29. Joto likipungua, seli huendelea kuwasiliana kama kawaida.

Nelima anaeleza alivyojionea. "Buu akikosa hiyo ishara, akikomaa ni kama hakufunzwa. Dume wa kawaida akiona jike anamfuata, anatandaza bawa moja, anamwimbia. Hawa wengine wanazunguka tu kando ya glasi. Jike yuko hapo, hawana habari naye."

Siku moja mwezi huo wa Machi, madume waliolelewa kwa joto na kutarajiwa kuzunguka walikuwa wakiimba. Chupa zote thelathini za jaribio hilo.

Mkuu wa maabara, Daktari Gakuru, alimwita ofisini. Fundi wa maabara, Morgan Amolo, alikuwa amekwisha kuketi, macho sakafuni.

"Mama Sydney, ulichanganya chupa na za inzi wa kawaida?" daktari aliuliza, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Hapana, Daktari."

"Wewe ndiye unazihamisha kwenda kabati la joto. Kama si wewe, ni nani?"

Alipewa hadi Ijumaa ajieleze, la sivyo inzi wangetupwa na yeye aende nyumbani.

Alitoka akiwa na jambo moja kichwani: mbona Morgan hakumtazama? Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mitatu. Kuanzia hapo alimwangalia kila hatua. Alihesabu mara alizoingia chumba cha chupa. Hata kikombe chake mwenyewe cha chai hakukiacha mezani Morgan akiwapo.

"Nilijua ni yeye," anakiri. "Nilikuwa nimemhukumu tayari."

Jumatano alifungua daftari lake, anamoandika siku ambayo mabuu hupanda kwenye kuta za chupa na kujifunga ndani ya ganda. Hakuna aliyemtuma. Ni mazoea ya jikoni, kujua kitu kinaiva lini. Kwa kawaida mabuu wa kabati la joto hupanda siku ya tano. Wale wa chupa thelathini walikuwa wamepanda siku ya saba.

Hawakuwa wamechanganywa. Walikuwa wamelelewa kwenye baridi.

Alilitazama kabati. Kioo cha mbele kilisoma 29. Hakukiamini. Alichukua kipimajoto chake cha uji, akakiweka rafu ya chini, akafunga mlango, akangoja saa nzima. Kikasoma 23. Alipopitisha kiganja kwenye ukingo wa mlango, hewa ya nje ilikuwa ikipenya. Mpira wa kuziba mlango ulikuwa umepasuka.

Morgan alikuwa amesimama nyuma yake.

"Niliona huo mpira mwezi wa pili," alisema kwa sauti ndogo. "Kukagua kabati ni kazi yangu. Niliogopa kusema."

"Na ukaacha mimi nifukuzwe?"

Walienda kwa daktari pamoja, na Morgan alisema yote mwenyewe. Daktari Gakuru alirudia kipimo mara tatu, kwa vipimajoto vitatu, akimkazia Nelima macho kana kwamba angeweza kuvidanganya vyote. Hakuomba radhi. Mpira ulibadilishwa, mabuu wapya wakalelewa, na madume wao wakazunguka kando ya glasi.

Morgan alipewa onyo la maandishi. Nelima alibaki na kazi yake, na sasa daftari lake husomwa kila Jumatatu. Chai wanakunywa pamoja tena, ingawa, anasema, bado husoma kipimajoto mara mbili Morgan akishakisoma.

Septemba anatarajia kuanza masomo ya ufundi wa maabara katika chuo kimoja mjini Kajiado. Fomu ameshajaza.

"Miaka mitatu nimepewa majibu na wengine nikayabeba kama chupa," anasema, akifuta meza. "Naambiwa seli zinaongea. Nataka kukaa kwa darubini mwenyewe nione kama ni kweli."