Fisi Mwenye Kola

Niseme mapema, asije akatokea mtu wa kunisemea: kola ile niliiba. Niliichukua mezani pa Daktari mchana kweupe, nikaitia kwenye mkoba wangu wa madaftari, na msamaha sijaomba mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kufika kwetu Nkoma na mizani zao, mitumba imejaa mnadani Somanda, na kila wiki aliingia mgeni mwenye jambo jipya. Miongoni mwao wakaja watafiti wa wanyamapori. Walipiga kambi nje kidogo ya kijiji chetu, mahema manne na gari moja, wakiwatafiti fisi wanaotoka hifadhini na kuingia vijijini. Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi shule ya msingi. Likizo ilipofika wakanichukua niwe mkalimani, maana wazee wengi walikuwa na Kiswahili cha kuombea maji tu, na Daktari, kiongozi wa watafiti, hakuwa na Kisukuma hata cha kusalimia. Alikuwa Mtanzania mwenzetu, msomi wa ng'ambo, mpole, shati limepigwa pasi hata porini.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Tunaingia kaya moja baada ya nyingine, nauliza fisi amekula nini mwaka huu, wanajibu, naandika. Siku moja nikamuuliza Daktari, "Na wao wakiuliza sisi tunafanya nini, niwajibu nini?"

"Waambie tunafanya utafiti, Mwalimu."

"Na zile kola?"

Walikuwa wamewapiga fisi watatu sindano ya usingizi, wakawafunga shingoni mkanda mpana wenye redio ndogo ili wajue kila walipo. "Kola tusizitaje," akasema. "Wakijua watawaua. Matokeo tutayatoa utafiti ukiisha."

Nikanyamaza. Kama kuna kitu ninachojutia katika habari hii yote, ni huko kunyamaza.

Usukumani kuna fisi wa porini, na kuna fisi wa mtu. Huyu wa pili, watu wanaamini, mchawi humfuga, humpanda, humtuma kwa adui zake. Nimekulia katika maneno hayo, na Daktari naye angeyajua kama angeuliza. Basi watu hao wanakwenda lamboni alfajiri kuchota maji, wanamkuta fisi anakunywa, na shingoni ana mkanda wenye bizimu. Nani humfunga mnyama mkanda? Mwenye mnyama. Hoja ilikuwa safi kabisa, na sisi ndio tuliowatengenezea.

Lambo lile linapakana na ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, mali ya senge yangu, dada wa baba. Alikuwa mjane, anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia miaka yote kwa kukosa kuni. Enzi zile bibi mwenye macho mekundu hakuhitaji ushahidi mwingi kuitwa mchawi. Kuna waliokatwa mapanga kwa sababu ndogo kuliko fisi mwenye kola.

Walianza na moto. Senge alikuwa wa kwanza kuamka pale mtaani, na majirani walizoea kuja kwake asubuhi kuomba kaa la kuwashia jiko. Ghafla hakuja mtu. Kisha salamu zikakatika. Kisha walinzi wa jadi wakatangaza mkutano, na mtu wa kujibu alikuwa yeye.

"Senge, nikupeleke Nyalikungu kwa kaka," nikamwambia.

"Nikikimbia nitakuwa nimekubali," akajibu. "Siendi popote."

Nikaenda kambini nikamweleza Daktari. Alisikiliza kwa masikitiko, nakiri. "Lakini haya ni masuala ya mila, Mwalimu. Sisi watu wa sayansi hatuwezi kuingilia."

"Mmeshaingilia! Nani kamvalisha fisi mkanda?"

Akavua miwani, akaifuta, akasema ataandika barua wilayani. Barua! Alipoingia hemani kutafuta karatasi, nikaitazama kola ya akiba pale mezani, imewashwa kwa majaribio, nikaichukua. Aliporudi nilikuwa nimeshafika kwenye gari. "Mkutano ni kesho saa nne," nikamwambia. "Njoo na mashine yako ya kusikilizia. Usipokuja, kwenye matokeo yako uandike na huyo bibi."

Kesho yake niliingia katikati ya wanaume wenye pinde nikiwa nimeivaa kola shingoni. Ilikuwa nzito, inanuka mpira.

"Fisi mwenye mkanda kama huu mnamjua," nikasema. "Na mimi mnanijua, nawafundishia watoto. Haya, semeni, mimi nimefugwa na nani?"

Ndipo tukasikia gari. Daktari alikuja, hilo simnyimi. Nikamwomba ntemi wa walinzi, mkuu wao, anifiche anapotaka. Vijana wawili wakanipeleka nyuma ya kichuguu, mbali. Daktari akainua antena, mashine ikalia ti, ti, ti, na kadiri alivyosogea ikazidi kulia, mpaka akanifikia, nusu ya kijiji nyuma yake. Wakamrudisha afanye tena. Mara ya tatu watu wakaanza kucheka.

Ntemi hakucheka. Akamtazama Daktari, akauliza kwa Kisukuma, mimi nikitafsiri: "Kwa hiyo fisi akija kwetu, wewe unamsikia?"

"Ndiyo, mzee," Daktari akasema kwa fahari. "Kokote aliko."

"Hata alipoingia zizi la huyu hapa, akala mbuzi?"

Daktari akaishusha antena. "Ndiyo."

"Ukapiga mwano?"

Mwano ni ukelele wa hatari. Kwetu aliyeiona hatari akakaa kimya huhukumiwa pamoja na mwizi. Nilimweleza Daktari hayo neno kwa neno, bila kulainisha, na sijawahi kutafsiri kwa raha kama siku ile. Akajitetea kwamba watafiti huandika tu wanachokiona. Nikalitafsiri na hilo, na kwa Kisukuma lilisikika vibaya sana.

Hukumu haikuchukua muda. Senge hana kesi. Fisi ni wa wale wenye mashine, na kila jioni watume habari wale fisi wameelekea wapi. Daktari akakubali, shati limelowa. Mimi nilifukuzwa kazi ya ukalimani siku hiyohiyo.

Siku hizi nikiitwa kwenye semina nawasikia wataalamu wakilalamika kwamba wananchi hawaelewi sayansi. Nanyoosha mkono. Wananchi wa Nkoma waliielewa kola kabla jua halijafika utosini, nawaambia, na swali walilouliza, Daktari mwenyewe hakuwa amejiuliza tangu afike. Wengine hukunja uso. Wakunje.

Asubuhi iliyofuata mkutano nilikuwa kwa senge, tunakunywa uji. Jirani yake, yule aliyekuwa wa kwanza kuacha kuja, akasimama uani na kigae mkononi. "Mwangaluka," akasalimia. Alikuja kuomba moto. Nikainuka nimfukuze.

"Kaa," senge akaniambia. "Mwambie asubiri. Mimi nimesubiri."

Akanywa uji wake wote, polepole, akaosha bakuli, akalifunika. Ndipo akampa moto.