Mama wa Vikopo

Kila Jumanne mhudumu wa afya hupanda milimani hadi kijijini kwa kina Lekhooa, blanketi limebanwa kwa pini kifuani, mfuko mmoja umejaa kondomu, mwingine vikopo vya makohozi. Hakuna anayelitaja jina lake. Ni Mama wa Vikopo tu. Ana mikono midogo yenye haraka na sauti ya kuitia ng'ombe: "Nani amekohoa huko? Nimesikia!" Wazee waliochimba dhahabu wakimwona hubana pumzi wasikohoe, hadi macho yanawatoka.

Lekhooa ndiye aliyekuwa bingwa wao. Miezi miwili alikoholea ndani ya mto wa kulalia ili asisikike, huku mkewe na wajukuu wamelala chumba hichohicho. Jumanne moja alijificha nyuma ya zizi. Mama akamfuata, akaketi, kifua hakukiulizia hata kidogo. Akaanza kumwiga chifu alivyopewa kondomu akaidhani kifuko cha majani ya chai, akaichovya kikombeni mbele ya wageni. Lekhooa alijikaza, mashavu yakavimba, kicheko kikamponyoka na kikohozi kikafuata. Kikopo kilikuwa tayari kidevuni.

"Tema, baba! Yote!"

"Umenitega, wewe mama!"

"Ndiyo. Na kidole nacho nipe, tupime damu."

Virusi vya UKIMWI havikuonekana, lakini kifua kikuu kilikuwapo. Lekhooa alimeza dawa miezi sita. Mkewe na wajukuu wakapewa za kinga, wala hakuugua hata mmoja. Siku ya kidonge cha mwisho aliinamia jiko la mkewe, akapuliza pumzi moja tu, bila kukohoa. Moto ukalipuka, ukala nusu ya ndevu zake, na Mama wa Vikopo akapiga vigelegele kama yuko harusini.