Dakika Moja ya Ukimya kwa Papa Deo

Jambo hili nimelificha hata kwa padri, lakini kwa kuwa mtaa wetu wote wa Bagira unalijua tayari, afadhali mlisikie kwangu mwenyewe: mimi ndiye niliyemuua Papa Deo kwa mikro, yaani kwa kipaza sauti, kwenye mashindano ya nchi tatu.

Mnajua mashindano yetu ya ragbi (ule mpira wenye umbo la yai, wanaokimbia nao mikononi huku wakiangushana kama wanafukuza mwizi), yanaunganisha sisi wa Bukavu, ndugu wa Rwanda na ndugu wa Bujumbura. Mwaka ule Maman Prezida, ambaye ndiye mkubwa wa kamati, alinipa kazi mbili: kupanga saa za mechi na kusoma historia ya mashindano mbele ya watu. Akaniahidi, "Ukifanya muzuri, mwaka kesho uko na kiti yako mu basi ya Bujumbura." Mimi sijawahi kulala nje ya Bukavu hata usiku mmoja! Wiki nzima niliota tu ile basi, niko karibu na dirisha, na kofia ya kamati kichwani.

Basi siku ikafika. Mechi ya kwanza, saa nne asubuhi, Rwanda na Bujumbura. Saa nne ikapiga, Bujumbura hawako. Wamekwama mpakani, wanagongewa mihuri, bado robo saa wafike. Timu yetu nayo nilikuwa nimeipangia saa nane, wachezaji walikuwa bado nyumbani wanakunywa chai. Maman Prezida akanikazia macho: "Weye njo ulipanga. Jaza ile robo saa."

Nikachukua mikro. Historia nikaisoma polepole kama litania: mwaka wa kwanza walicheza timu mbili tu, kule Nyantende, kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, mwaka wa pili wakacheza mwezi wa kumi na moja, mvua ikapiga hadi mpira ukapotea kwenye tope, na ndiyo maana tangu hapo tunacheza kiangazi, mwaka wa tatu Bujumbura wakajiunga. Nikamaliza. Nikaangalia saa: dakika tatu zimepita. Tatu!

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Huyu mwalimu Deo, aliyeanzisha mashindano, mimi sura yake sikuijua, ila nilisikia zamani kidogo kwamba alilazwa hospitali, na tangu siku hiyo hakuonekana tena kiwanjani. (Mtu alazwe, halafu asionekane miaka miwili, ninyi mngefikiri nini?) Nikasema kwa sauti ya huzuni: "Ndugu zangu, tusimame, dakika moja ya ukimya kwa marehemu Papa Deo wa Katana, mwanzilishi wetu." Watu wakasimama. Wanyarwanda wakashikana mabega, wakainamisha vichwa. Nilipoona inapendeza, nikaiacha dakika iende mpaka karibu tatu.

Tulipokaa, muzee mmoja mnene, mwenye upara, akanijia na kofia kifuani.

"Mwanangu, unisamehe, masikio yangu imezeeka. Ni nani tulipoteza?"

"Papa Deo wa Katana, muzee wangu."

Akaangalia mikono yake, huku na huku. "Weye ulimujua?"

Sasa hapa ningesema hapana, mambo yangeisha. Lakini niliona uso wake umeanguka, moyo ukaniuma, nikataka kumfariji. "Sana, Papa! Hata kwenye maziko nilikuwako."

"Watu balikuwa bengi?"

"Wengi sana, wengine walipanda miti."

"Na bibi yake? Alilia?"

"Alizimia mara mbili."

"Mara mbili!" Akavaa kofia. "Ile nitamuuliza leo, nikirudi kula."

Ndugu zangu, jasho nililotoa siku hiyo. Kabla sijapiga magoti, geti likafunguka kwa kishindo, akaingia Maman Régine, yule anayekaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nyuma ya ukuta, analia, amejifunga kitenge kiunoni: "Deo! Ndugu yangu Deo! Munatangaza mu mikro bila kuambia famili!" Kumbe ni dada yake. Akainua macho, akamuona marehemu, akakatiza kilio katikati. Halafu akampiga kofi begani.

"Na mi nimesha piga simu kwako Katana! Bibi yako banamushika mikono!"

Papa Deo alikuwa amezima simu yake, kwa heshima ya ukimya. Akaiwasha, akampigia mke wake. "Mama Aline, ni mimi." Sote tulisikia jibu: "Mwizi weye! Kumuua hakukutosha, unaiba na simu yake! Mungu anakuona!" Akakata. Muzee akapiga tena, mke akakata tena; Maman Régine akajaribu kwa simu yake, haikupokelewa.

"Hataamini mpaka anione," muzee akasema. "Ako na ugonjwa ya moyo, mwanangu."

Wakati huohuo Bujumbura wakaingia kiwanjani wanaimba. Maman Prezida akanishika shati: "Mechi inaanza, chukua mikro. Ukitoka hapa, ile basi ya Bujumbura uisahau."

Niliangalia mikro. Niliangalia muzee anavyobonyeza zile namba tena na tena. Nikaweka mikro juu ya kiti, nikaita pikipiki, tukapanda watatu: dereva, muzee na mimi.

Katana tulikuta viti vimetolewa nje, kwaya ya parokia imefika ubeti wa pili, na sufuria mbili za maharage ziko jikoni. Kwaya ikanyamaza sauti moja baada ya nyingine. Mwimbaji wa besi, ambaye alikuwa amefumba macho, akaendelea peke yake. Mama Aline akamuangalia mume wake, akamuangalia tena, akamshika masikio yote mawili kama mtoto, akalia.

"Eti ulizimia mara mbili?" Papa Deo akamuuliza.

"Nizimie, na wageni hawa bote nani angebapikia?"

Mimi nikaonyeshwa kwa kidole: "Ni huyu njo alinizika." Nikapewa sahani ya maharage ya kilio nilichokianzisha mwenyewe, nikala nimeinama, watoto wananichungulia.

Mwaka uliofuata basi ilienda Bujumbura na mikro iko kwa mpwa wa Maman Prezida. Nilisimama kando ya barabara nikawapungia mkono mpaka vumbi likaniingia mdomoni, na siwadanganyi, nililia kidogo. Tangu hapo nimeapa: kwangu mimi watu wote ni wazima. Hata mkiniambia mtu mmemzika jana, nitaomba kwanza namba yake nimpigie.