Walimwongezea mama stima hadi mwisho

Wakuu, niaje. Hii sijaambiwa na mtu, ni ya nyumbani kwetu. Nimekasirika, kwa hivyo mtanivumilia.

Mimi ni wa Kitale. Mama aliteleza akipanga magunia ya mahindi kwa store, mkono wa kulia ukavunjika juu ya kiwiko. Mfupa uliunga, lakini neva iliumia. Kiganja kikawa kinaning'inia tu. Mama hukamua ng'ombe wawili kila asubuhi tangu nizaliwe, sasa hata kikombe hashiki.

Physio wa hapa mjini, dada mmoja mpole, kazi yake kurudisha viungo kazini, akamwekea vibandiko vya mashine ya stima ya kuamsha msuli. Nilikuwepo.

Stima kidogo, hakuna kitu. Akaongeza, kidole kimoja kikaruka. Akaongeza tena, vidole vyote, halafu kiganja kikainuka. Mama alicheka hadi akatoa machozi.

Hapo physio akaacha. Nikamuuliza mbona asiendelee.

Akanieleza kwamba msuli una nyuzi nyingi, na si zote zinaamka kwa stima ile ile. Uzi ukiamka umeamka wote, hakuna nusu. Ukipandisha, nyingine zinaingia. Zikishaingia zote, ukiongeza hupati nguvu tena, unaumiza na kuchoma tu. Na nyuma ya mkono wa mama kulikuwa na ganzi, kwa hivyo hangejua anaungua.

Nilielewa vizuri sana, wakuu.

Mwezi uliofuata mama akaenda kumtembelea mjomba, kaka yake, huko Myanga, Bungoma. Na mnatujua: sindano isipouma tunasema tumedungwa maji. Mjomba akampeleka kwa jamaa wa sokoni mwenye mashine kama ile. Cheti hana. Kiganja kikainuka, mjomba akanipigia simu.

"Bana, huko Kitare wanamubembereza tu! Huyu anasema akipereka mpaka mwisho atapona haraka. Na dada yangu hasikii uchungu. Aongeze?"

Nilikuwa kwa foleni ya mbolea, jua kali. Nikasema, "Kama hasikii, si aongeze tu."

Akapeleka hadi mwisho, mkono ukakaza ukawa kama mti. Wakamwacha hivyo dakika ishirini. Kutoa vibandiko, ngozi ikatoka navyo.

Nilimtukana yule jamaa. Nikamtukana mjomba, mtu mzima, mbele ya watoto wake. Upuzi mtupu, kwa sababu mwenye makosa nilikuwa mimi.

Kidonda kimepona sasa. Physio anasema neva bado inaamka, lakini tusichelewe. Jana nikamwambia mama turudi kwake.

Akaficha mkono chini ya leso aliyojifunga. "Ile simu ilikuwa kwa loudspeaker," akasema. "Alipoongeza, mkono ulikuwa unanivuta vibaya. Nilinyamaza kwa sababu nilisikia ni wewe umesema aongeze."

 

Wakuu, stima ikitosha imetosha, na asiyesikia uchungu ndiye wa kuchungwa zaidi. Kama kuna mtu amewahi kumrudisha mzazi kwa matibabu anayoyaogopa, aniambie alianzia wapi. Wa matusi pia karibuni.