Askari wa Msitu na Begi Lake

Askari wa msitu, mwanamke aliyepanga chumba jirani na sisi hapa Mgeta, hufunga begi lake kibarazani akiwa amepiga magoti. Blanketi hutangulia chini kabisa, ndani ya nailoni. Sufuria, unga na maharage hukaa katikati, upande unaogusa mgongo, maana kitu kizito kikikaa mbali, anasema, humvuta mtu nyuma mlimani. Akishalivaa hukaza mkanda wa kiunoni mpaka nyonga zibebe uzito, ndipo avute kamba za mabegani kwa vidole vyake vifupi. Kisha huruka kidogo. Kitu kikigonga ndani, hulivua na kuanza upya bila kunung'unika.

Masika haya alipanda hivyo kumtafuta Bibi Mwajuma, aliyepotea akichuma uyoga. Mvua haikukatika, na watu walishaanza kunong'ona habari za msiba, Raya, binti wa bibi, alipopiga ukelele akionyesha njia ya juu. Askari alikuwa akishuka taratibu, begi kalivaa kifuani, bibi kambeba mgongoni kwa kanga.

"Niteremshe, mwanangu, mie si mtoto!"

"Tulia, bibi. Ukishuka, begi litaniangusha kifudifudi."

Raya alimpokea mama yake akilia na kucheka. Askari akakaa palepale matopeni, akajaribu kufungua mkanda, akashindwa. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. "Jamani, nifungulieni," akasema, na sauti ile, ambayo hatukuwahi kuisikia ikiomba kitu, ikakatika kwa kicheko.